Ushuhuda Uliotangulia Barua

Minye, ndivyo tunavyosema mimi huku kwetu, minye Suzanne ninauza unga wa mahindi soko la Kikula, na mdomo wangu unajulikana kuliko unga wangu. Nasema mapema ili msije mkasema nilificha kosa. Orpa ni mtoto wa kaka yangu, ananiita tantine, yaani shangazi. Nimemlea tangu ana miaka sita, lakini mdomo huu haukumwambukiza. Kwenye kwaya anasimama nyuma ya mama Delphine, ambaye ni mpana, ili watu wasimwone.

Mwaka jana alipopata diplome ya serikali, ya kumaliza sekondari, tulimmwagia poda, kama desturi yetu ya kusherehekea, mpaka akawa mweupe kichwa hadi miguu. Majirani wakauliza sasa atafanya kazi gani. Akasema hajui. Uongo mtupu. Kila tulipokwenda kwa ndugu zetu wa Kakanda, kwenye migodi, mtoto huyo alisahau hata jina lake akiona benne, yale malori ya mgodini ambayo gurudumu lake moja linampita mtu urefu. Ndani ya Biblia yake alificha tangazo la kampuni moja ya huko: walitafuta vijana kumi na wawili, wasichana kwa wavulana, wawafundishe kuendesha. Nikimwuliza kama amepeleka barua ya kuomba nafasi, ananijibu, "Nitajaribu, tantine." Neno hilo lilinichoma roho. Nitajaribu ya Orpa maana yake ilikuwa hapana.

Kanisani kwetu mtu anaweza kushuhudia kwa imani, yaani kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo halijafika. Jumapili moja nikasimama. Naapa nilitaka kumwombea mtoto tu. Lakini ulimi hauna mfupa, nikajisikia nasema Bwana amempa Orpa kazi ya kuendesha benne. Sikutaja imani. Nilisema amempa, basi. Watu wakacheza, wamama wakamkumbatia mtoto. Papa Théodore, shemasi wetu aliyeendesha malori hayo mpaka siku mguu ulipovunjika, alicheka, akasema huyu atahitaji ngazi hata ya kufikia breki.

Nyumbani Orpa hakugusa bukari, ugali niliompikia. Nikamwambia asikasirike, ile ni imani. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona.

"Imani gani hiyo, tantine, isiyopeleka hata barua?"

Nikafunika bukari yake kwa sahani. Kesho yake akapeleka barua mwenyewe. Aliipeleka kwa hasira, si kwa ujasiri, kwa sababu hakutaka kuwa mwongo mbele ya Mungu kwa ajili yangu. Baada ya wiki tatu wakamwita kwenye majaribio. Hapo akaenda moja kwa moja kwa papa Théodore, yule yule aliyemcheka, akamwomba amfundishe.

Mzee hakuwa na benne. Alitumia meza yangu ya unga. Kabla ya kupanda, alisema, unaizunguka kwanza: unaangalia matairi, mafuta, taa, na watu walio karibu. Wiki nzima Orpa aliizunguka meza yangu akitaja vitu hivyo, wateja wakicheka, nami nikiwafokea wateja. Siku za kwanza alikuwa ananong'ona. Kufikia Ijumaa hata wauza samaki wa ng'ambo ya njia walikuwa wanamsikia.

Jumapili, siku moja kabla ya majaribio, wakati wa ushuhuda, Orpa akatoka nyuma ya mama Delphine, akaenda mbele.

"Tantine alisema minye nilishapata kazi," akasema. "Sijapata bado. Ni kesho njo naenda kutafuta. Muniombee."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha papa Théodore akajiinua kwa fimbo yake, akasema amina, peke yake, na wengine wakafuata. Niliona aibu, ndiyo, lakini furaha pia ilikuwepo, maana mtoto wangu alikuwa amenishinda kwa kusema.

Ya majaribio alinisimulia mwenyewe. Waliambiwa wapande mmoja mmoja. Wenzake walikimbilia ngazi ya lori. Zamu yake ilipofika akaanza kulizunguka. Msimamizi akamwuliza anaogopa nini, akajibu kwamba haogopi, hajamaliza kuliangalia. Alipomaliza akapanda. Msimamizi akamwuliza kama ana hakika ataweza kazi hii. Niliposikia hapo nilifumba macho, nikingoja lile neno linalonichoma.

"Nilimwambia kuendesha sijui bado," Orpa akasema. "Lakini kufundishwa najua."

Tukangoja siku kumi. Alhamisi simu ikaita akiwa mezani kwangu anapima unga. Alisikiliza, akasema asante, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilianza kufungua mdomo nipige kelele soko lote lisikie.

"Tantine, tulia," akasema. "Jumapili nitasema mwenyewe."

Jumapili nilibeba poda kwenye mfuko. Orpa akaenda mbele, akasema, "Sasa nilipata," akarudi kwenye kwaya, akasimama mbele ya mama Delphine. Mchungaji ananijua. Alinigeukia, akauliza kama mama Suzanne ana la kuongeza. Nikatikisa kichwa, nikafungua kopo la poda.