Mume Aliyefichwa Stoo

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Fagio, na jina likamkaa kama alizaliwa nalo. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imepauka kwa sabuni, na aliweza kuona doa kwenye shuka kabla doa lenyewe halijajijua. Mumewe, fundi wa lifti, alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Spana alizilaza kwenye sinki la vyombo, soksi alizivua popote usingizi ulipomkuta, na ovaroli lake liliganda grisi kiasi cha kusimama lenyewe ukutani. Walipendana, ila kwa kelele.

Mume ndiye aliyetangulia ughaibuni akapata ukaazi wa kudumu. Fagio alimfuata kwa haki ya ndoa, akapewa kibali kifupi, na sasa alikuwa ameomba kirefu. Akinyimwa, angefunga virago arudi alikotoka, mume abaki na soksi zake.

Ikaja taarifa kutoka uhamiaji kwamba maofisa watafika nyumbani wiki hiyo, wahakikishe kama wawili hao wanaishi pamoja kweli. Mtu mwingine angeelewa kuwa wanakuja kumtafuta mume. Fagio alielewa jambo moja tu: wageni wanakuja. Na yeye alilelewa akijua kwamba mgeni haonyeshwi nyumba ilivyo, anaonyeshwa ilivyopaswa kuwa.

Akashika kazi. Spana, buti, ovaroli, mswaki uliochakaa, wembe, mto wenye alama ya kichwa, hata picha ya harusi kwa sababu kioo chake kilikuwa na ufa, vyote viliingia kwenye magunia, na magunia yakaingia stoo ya jirani. Kitanda alikitandika shuka jipya lenye mikunjo ya dukani. Alipomaliza, uchafu uliobaki ndani ulikuwa mume mwenyewe. Akamtuma kwa kinyozi.

Maofisa walikuwa wawili, mwanamke mrefu mwenye mafua na mwanamume aliyefungua makabati kana kwamba ni yake. Hawakuja na mkalimani. Lugha ya nchi ile Fagio alikuwa nayo ya kununulia nyanya, si ya kuelezea ndoa, basi akatabasamu, akawakaribisha chai, akaitikia kwa kichwa kila walichosema. Walikuta mswaki mmoja, kandambili jozi moja, na bafu ambalo ungeapa halijawahi kuona unywele wa ndevu. Walimsifu kwa usafi. Alishinda amefurahi.

Haukupita muda akanyimwa kibali. Ndoa, walisema, ni ya karatasi.

Mdogo wa mumewe alikuwa mmoja wa wale watu wasiokosekana penye wahamiaji: sheria haijui, njia anazijua. Alikuja na mpango tayari. Wapige picha za mahaba wakibadilisha mashati ili zionekane za miaka mingi, Fagio aseme ana mimba, jirani atafutwe wa kuapa.

"Shemeji, hawa ukiwaambia ukweli watakuona mjinga," alisema.

"Na nikiwaambia uongo?"

"Watakuona mwenzao."

Fagio alicheka, lakini alikataa. Kudanganya ili kuthibitisha jambo la kweli ni kama kunyata usiku ukaibe shati lako mwenyewe kwenye kamba, na aibu ya kukamatwa ni ileile. Aliuliza kazini, akaelekezwa kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, juu ya duka la viatu, kwa mama wakili mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani.

Mama wakili alimweleza kwamba kunyimwa si kufukuzwa. Sheria ya nchi ile ilimpa haki ya kujua sababu, kusoma walichoandika maofisa, kukata rufaa na kusikilizwa akiwa na mkalimani. Rufaa ikiwasilishwa mapema, hakuna wa kumtoa nchini hadi iamuliwe. "Haki hizo haziji kukugongea mlango," alisema. "Kwa adabu yako ya kuitikia kwa kichwa umeshawakubalia hata usiyoyajua." Kisha akauliza vitu vya mume vilikuwa wapi siku ile.

"Stoo kwa jirani."

"Kwa nini?"

"Ni vichafu, mama."

Mama wakili alicheka mpaka akashika meza. Lakini alipomwambia kuwa maneno hayohayo ndiyo atakayoyasema mbele ya mwenyekiti wa rufaa, Fagio alinywea. Kuanika uchafu wa mumewe mbele ya watu baki? Heri picha za shemeji.

Siku ya rufaa mwenyekiti alimuuliza kwa nini nyumbani hapakuwa na dalili ya mwanamume. Fagio alimtazama mumewe pembeni, ndani ya suti, na grisi mbichi kwenye kola. Hapo ndipo alipofunguka. Akaanza na spana, akaja kwenye soksi, akafika kwenye kucha zinazokatiwa juu ya kochi, mkalimani akimfuata nyuma akihema.

Mume alikuwa ameonywa asiseme. "Kucha nilikata mara moja tu, mke wangu."

"Mara moja kila wiki."

"Na simu yangu nani aliifua pamoja na suruali?"

"Aliiacha nani mfukoni?"

Mkalimani akaomba wazungumze kwa zamu. Mwenyekiti alificha mdomo nyuma ya faili. Aliamuru nyumba ikaguliwe upya, safari hii mkalimani awepo, vitu vya mume virudishwe na visihamishwe tena.

Rufaa ilikuwa rahisi kuliko kungoja ukaguzi huo. Magunia yalirudi, na Fagio akaishi na vilivyomo huku mikono ameibana kwapani. Maofisa walewale walipofika, spana zilikuwa sinkini na picha ya ufa ukutani. Mwanamke wa mafua alikaa kwenye kochi, akainuka na alama nyeusi ya grisi kwenye sketi. Fagio alitamani ardhi immeze. Alimwomba mkalimani amwambie aivue tu, ataifua sasa hivi. Ofisa alijitazama nyuma, akapiga chafya, akaandika.

Kibali kilipotoka, Fagio hakupiga vigelegele. Alichukua ndoo. Mume, aliyekuwa ameishi siku zile kama mfalme, aliuliza kwa upole kama watu wa uhamiaji hawana desturi ya kurudi kila mwaka.

"Inua miguu," Fagio alimwambia, na kupitisha fagio chini yake.