Bunduki Nyepesi Kwenye Jiliwa

Kila timu iliyotaka kununua bunduki za mchezo wa kupigana rangi, zile za bei ya kukata maini, ilimtafuta kwanza Shabaha. Kazi yake dukani ilikuwa hiyo tu: kwenda nazo uani, kufyatulia vidonge vya rangi kwenye ubao, kisha kusema ipi ni bunduki na ipi ni urembo. Na alisema kweli, jamani. Mwenye duka akimkonyeza asifie ile iliyododa, Shabaha alijitia hamnazo. Watu waliuamini mkono wake. Hakuwa na kingine cha kuuza.

Ndipo ikaja bunduki nyepesi, triga laini, ukiigusa tu imeshafyatuka. Wachezaji wakaipapatikia. Shabaha peke yake alikunja uso.

"Hii inacheza mkononi," alimwambia nahodha mmoja. "Chukueni ile nzito. Inatulia."

"Mbona mimi nikiishika haichezi, kaka?"

"Basi hujui kushika."

Nahodha akanuna, akaondoka na timu yake mikono mitupu. Wengine nao wakaondoka vivyo hivyo. Mwenye duka akaja juu: kama Shabaha hawezi tena kutofautisha bunduki nzuri na bunduki anayoipenda, atamtafuta mtu mwingine.

Fundi wa duka alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. "Wewe umezoea vitu vizito tu, shemeji," alimtania. "Tusibishane. Tuzifunge kwenye jiliwa."

Jiliwa ni kile chuma cha kubania vitu kwenye meza ya fundi, nacho hakina mapenzi na bunduki yoyote. Wakaibeba meza mpaka uani. Ile nzito ilitawanya vidonge upana wa sahani. Si vibaya, Shabaha akasema. Wakaifunga nyepesi. Kidonge cha kwanza kikapasuka katikati ya ubao, cha pili hapo hapo, na vyote vilivyofuata hapo hapo, mpaka rangi ikawa doa moja dogo linalochuruzika.

"Haya, sasa wewe," shemeji akasema, akampa.

Shabaha aliishika kwa mikono miwili, akabana pumzi. Mtutu ukatikisika, kidogo tu, na kadiri alivyoukaza mkono ndivyo ulivyozidi. Vidonge vikaangukia kila mahali, kimoja kikapasukia ukutani. Kumbe muda wote huo ile nzito ilikuwa inaukandamiza mkono wake, mtetemeko usionekane, naye akiisifia kwa watu kwa moyo mweupe kabisa.

Shemeji aliutazama mkono, akautazama ubao, kisha akajishughulisha na kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Labda triga imekaza," alisema.

Wote wawili walijua triga ile ilivyokuwa. Shabaha alitamani angetaniwa. Aliogopa, tena aliogopa kama mtoto.

"Usimwambie dada yako."

Shemeji akaendelea kufuta meza.

Nyumbani mkewe alimwekea chai. Baba yake Shabaha alikufa akilishwa kwa kijiko, mikono imemkataa, lakini mwanzoni ilikuwa ni kutetemeka kidogo tu, watu wakidhani ni baridi, na mama alikuwa akimmiminia kikombe nusu asije akajimwagia. Shabaha aliitazama chai yake. Ilikuwa nusu. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mkewe alimjazia kikombe, asikumbuke.

"Mbona huinywi?" mkewe aliuliza. "Kunywa hiyo kwanza, nitakuongezea."