Vidonge vya Macho Vilivyoingia Kwenye Uji wa Nana

Saa mbili na nusu asubuhi, Ruqaiya Seif ameketi kizingitini mwa nyumba yake, Mambrui, miguu nje, mgongo ndani. Anatafuta mwanga. Kofia iliyo mapajani mwake ina matundu madogo mamia kwa mamia, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa mkono, polepole, kitambaa kisije kikapasuka.

Akitaka kutunga uzi huisogeza sindano mbali, mkono ukanyooka wote. "Siku moja itabidi nimuite jirani wa ng'ambo anitungie," asema, akicheka peke yake.

Ana miaka hamsini na mmoja. Kazi hii alifunzwa na mama yake. Kofia moja ya nakshi nzito humla miezi miwili, na hupata shilingi elfu tano akimpata mnunuzi asiyebishana. Macho ndiyo jembe lake.

Mapema mwaka huu matundu yalianza kuungana. Akishona kwenye chumba cha ndani aliona weupe mtupu. Hapo ndipo alipoingia Muzammil, mtoto wa kaka yake, na chupa ya vidonge vya mafuta.

"Shikamoo, shangazi. Macho hayo yana njaa ya vitamini," akamwambia. "Wanasayansi wamethibitisha. Karatasi hii hapa, soma."

Ruqaiya aliishia darasa la sita, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Palikuwa na picha ya jicho, na mtu aliyevaa koti jeupe. "Nikaliona koti, nikatosheka," asema. Chupa ilikuwa shilingi elfu mbili na mia nane. Alilipa. Mtoto wa ndugu yako utamshukuje?

Wiki ile ile binti yake, Nana, alirudi kutoka kwa mumewe, Kilifi. Ilikuwa mimba ya kwanza, ya miezi miwili, na matapishi yalimlaza. Mimba ya kwanza hulelewa kwa mama, ndiyo desturi. Nana akapewa chumba cha ndani, na mama akahamishia kofia zake mlangoni.

Siku ya tano ya kumeza vidonge, Ruqaiya aliyaona matundu. "Nilimpigia Muzammil simu, nikamuombea dua mpaka salio likakatika." Habari zikafika kwenye darsa ya akina mama, wanaposomeshwa dini. Wanawake tisa wakanunua.

Basi hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na Ruqaiya halifichi.

Nana alikuwa hamezi kitu. Vidonge alivyopewa kliniki, vya kuongeza damu, vilimchefua, akaviacha kabatini. Mama hakumlazimisha. "Niliona ni vya bure vile, vitakuwa na nguvu gani? Na mimi nina vya elfu mbili na kitu. Nile kizuri peke yangu, na mwanangu mjamzito yuko ndani?"

Kila asubuhi alikitoboa kidonge kwa sindano yake ya kofia, akayakamua mafuta kwenye uji wa mchele, akakoroga.

"Mama, uji huu wanuka shombo," Nana alilalamika.

"Pua za mimba hizo. Kunywa."

Alikunywa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili aliingia jikoni ghafla, akaiona sindano na chupa. Hakupiga kelele. Aliichukua chupa, akaitia mkobani, akavaa buibui lake, akaenda zahanati. Mama akamfuata nyuma kama mshtakiwa.

Muuguzi, Emily Baya, aliigeuza ile chupa, akasoma maandishi madogo. 

"Kidonge kimoja kina vitamini A vipimo elfu ishirini na tano," Emily akasema. "Mjamzito asipite elfu kumi kwa siku. Ikizidi, na hasa mimba ikiwa changa, inaweza kumharibu mtoto tumboni."

"Imemharibu?" Nana akauliza.

"Sijui, mwanangu. Huenda yuko mzima kabisa. Lakini siwezi kukuapia."

Ruqaiya alitafuta pa kujishika. Akamgeukia muuguzi kwa ukali: "Na nyinyi vidonge vyenu vya bure, nani alivipima? Nyote si mna makoti?"

Emily hakukasirika. Alimweleza kwamba asidi ya foliki, iliyomo kwenye vile vya kliniki, ilijaribiwa kwa wanawake waliogawanywa mafungu. Hawa wakapewa yenyewe, wengine wakapewa vidonge visivyokuwa nayo, na mwenyewe hajui kameza kipi. Waliopewa yenyewe, watoto wenye kasoro za uti wa mgongo wakapungua sana.

"Na hiki?"

"Hiki kwa macho yako, mama, kimepimwa na muuzaji. Vitamini A huwafaa wanaoikosa, watoto wadogo hasa. Wewe macho yako hayana njaa. Yana umri. Kanunue miwani."

"Lakini mimi niliona! Siku ya tano niliona!"

"Wiki hiyo ulibadilisha nini kingine?"

Jibu lilimjia nyumbani. Aliichukua kofia, akarudi nayo kwenye kile chumba cha ndani, akaketi pale pale pa zamani. Matundu yakapotea. Akatoka nayo mlangoni. Yakarudi. Akaviacha vidonge wiki nzima, na mlangoni akaendelea kuona vilevile.

"Ni jua," asema, sauti imeshuka. "Nililipia jua."

Tangu hapo haamini kitu. Muuza asali akipita na maneno ya kusafisha damu, humuuliza ni wangapi walikunywa, na wangapi hawakunywa wakapona vilevile. Watu wanamcheka. Hata miwani bado hajanunua. Siku ile ya zahanati alijaribisha ya Emily, herufi zikatokea pale pale, akaivua haraka. "Niliogopa kufurahi upesi tena."

Muzammil alipoambiwa, alishangaa kweli. Yeye mwenyewe huvimeza. "Shangazi, vitu hivi ni vya asili. Havidhuru."

"Bunju naye ni samaki wa asili, na sumu anayo. Kamle."

Kaka yake Ruqaiya, baba wa Muzammil, hajakanyaga kwake tangu siku hiyo. Na Nana siku hizi hujipikia uji wake, huku mama amesimama mbali na sufuria. Vidonge vya kliniki anavimeza usiku, baada ya kula, kama alivyoelekezwa, na havimchefui tena sana. Wanazungumza, lakini Ruqaiya anasema bado kuna neno halijatoka kwa mwanawe, na hajui ni msamaha au ni lawama.

Mimba sasa ina miezi mitano. Picha ya tumbo itapigwa Malindi, Alhamisi ijayo. Emily amewaambia kwamba picha haionyeshi kila kitu, lakini itaonyesha mengi.

Muzammil naye amealikwa kwenye darsa Jumatano, siku moja kabla, alete chupa mpya. Ruqaiya atakwenda. Ataketi mbele, na atasimulia sindano, uji na siku kumi na moja, mbele ya wifi yake, mke wa kaka yake, na wote waliomfuata kununua. Jirani mmoja alimsihi asubiri majibu kwanza, asijitie aibu bure.

Ruqaiya aliweka sindano chini alipolieleza hilo.

"Namuomba Mungu mchana na usiku mtoto atoke mzima. Lakini nikisubiri picha, na ikija nzuri, watasema unaona, vidonge vimemfaa hata wa tumboni. Watakimbilia kuwanunulia na binti zao. Kwa hiyo nitasema Jumatano, wakati mimi mwenyewe bado natetemeka."

Ndani, Nana aliita. Alitaka kujua darsa ni saa ngapi, ili naye ajitayarishe kwenda.