Shikamoo Iliyomnasa “Mtoto” wa Mtandaoni

Juzi, kwenye foleni ya maji hapa Newala, binti wa darasa la sita alimwonyesha bibi yake simu. Rafiki mpya wa mtandaoni, eti naye ana miaka kumi na miwili, anaomba picha yake kwa siri.

Mimi, bingwa wa mitandao wilaya nzima, nikakohoa ili nitoe ushauri. Bibi hakuningoja.

“Mwandikie shikamoo.”

“Bibi! Rika langu huyu!”

“Andika!”

Jibu likarudi mbio: “Marahaba, binti.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi akanyakua simu, akarekodi sauti: “Wewe mtoto wa kuitikia marahaba, njoo Newala. Wenzio wanaingia jandoni, na ngariba anakusubiri.”

Jamaa akafuta akaunti papo hapo. Wataalamu hutuhimiza kuweka nywila. Hawajawahi kumtaja ngariba.