Mikono ya Mpiga Makumbi

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na sita, njaa iliingia nyumbani kwetu ikakaa. Kabla ya hapo nilikuwa natia rangi picha za mpiga picha mmoja wa Mji Mkongwe. Yeye akipiga nyeusi na nyeupe, mimi nazipaka rangi ya maji: mashavu, midomo, dhahabu ya herini. Mwaka ule akafunga duka, akasafiri na watoto wake. Aliniachia bati la rangi, brashi mbili na karatasi nane nene. Skuli nilikuwa nimeacha darasa la tatu, kwa hiyo hakuna aliyenihitaji kwa kalamu.

Mwaka mzima nilisuka ukili wa mikeka, na vibaya. Nikamwambia kaka yangu, mkubwa wa nyumba tangu baba afe, kwamba nitachora watu kwa mkono wangu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Kumbe ameletewa posa yangu na mtu wa makamo aliyefiwa na mke. Akanipa mwezi mmoja: rangi zikileta chakula nyumbani, posa atairudisha, zisipoleta, niolewe.

Wiki tatu nilibisha milango mjini. Waliokubali walitaka wang'ae kama picha za dukani, kisha wakasema hawakung'aa vya kutosha. Wengine walinifukuza, wakisema kuchora sura ya mtu ni dhambi. Karatasi sita zikapotea bure. Ndipo shangazi yangu, aliyeolewa Chwaka, akaniletea habari: kuna bibi huko anapiga makumbi, binti yake ameolewa Pemba na hawajaonana miaka. Anataka ampelekee sura yake, lakini mbele ya mpiga picha mwanamume hakai.

Makumbi ni maganda ya nazi. Wanawake huyafukia kwenye tope la pwani miezi kadhaa, kisha huyafukua yananuka, wakayaponda kwa kigongo mpaka zitoke nyuzi za kusokotea kamba. Nilipofika Chwaka, yule bibi alikuja kwa shangazi ameoga, kajitanda kanga mpya. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikamchora kama nilivyozoea. Nikamng'arisha uso, nikamnyoosha vidole, nikamtia na hina.

Akaishika karatasi mbali na macho.

"Mwanangu, hii mikono ya nani?"

"Yako, bibi."

"Hii mikono ya biharusi. Mume wangu nshamzika, wewe unanioza kwa nani?"

Shangazi na majirani wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa nimebakiwa na siku nane. Bibi akanirudishia karatasi. Alisema binti yake kalelewa kwa mikono yake, anaijua kuliko uso, na akiiona hii atauliza mama kafa lini wakamchorea mwengine. Akaenda zake.

Rangi ya maji haifutiki. Ukikosea unaanza upya, na mimi nilibakiwa na karatasi moja. Asubuhi yake maji yalipokupwa nikamfuata pwani, nikakaa topeni na ubao magotini. Yeye anaponda, mimi nachora. Vidole viwili havikunjuki, nikavichora havikunjuki. Kucha nyeusi, nikaziacha nyeusi. Katikati ya kazi kopo langu la maji likapinduka. Kisima kiko mbali, rangi bado mbichi, nikachovya brashi baharini. Hilo ni kosa la mtu asiyefundishwa. Ilipokauka, mikono yote ilitoka chengachenga nyeupe za chumvi. Nikajua nimejioza mwenyewe kwa yule mtu wa makamo.

Nilimpa vile vile, sikuwa na nyengine. Akaitazama, kisha akautazama mkono wake, umekaukiwa na chumvi mpaka kwenye kiwiko.

"Huyu ndiye mimi," alisema. "Huyu yuko kazini."

Alinilipa kikapu cha muhogo, nazi na pweza mkavu. Kaka alimla yule pweza siku tatu. Siku ya nne akavaa kanzu, akaenda kuirudisha posa.

Wapiga makumbi wengine wakaniita, kisha wachambuaji karafuu, dobi, muuza kahawa, na mahamali wenye sugu begani. Sharti langu lilikuwa moja: njoo na nguo za kazi. Aliyekuja na koti la kuazima nilimrudisha kwake akabadili. Nimetukanwa sana kwa hilo, na sikulegeza. Hata ilipofika miaka ya foleni za mchele, brashi ilitulisha.

Niliolewa nilipotaka, na niliyemtaka. Leo nina nyumba ya matofali Mbweni, vyumba vinne. Nina kisima, minazi kumi na mmoja, mbuzi watatu. Nina meza ya kuchorea, brashi ishirini, saba zimekwisha nywele, na sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.