Hadithi ya Bibi Kuhusu Mfalme wa Poland

Mtu anarithije hasira ya marehemu? Nilikuwa na miaka tisa msimu ambao nyumba yetu, pembezoni mwa Kondoa, ilinuka alizeti mbichi na damu. Baba alikatwa panga shambani, kwenye mpaka aliogombania na jirani. Walimleta juu ya mkokoteni, shingo imefungwa kwa kanga ya mama. Kwa siku kadhaa kuku waliparua mchanga pale damu ilipomwagika, mpaka mama akawatupia mawe.

Jirani alikamatwa, kisha akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Siku aliyorudi, Bibi, mama yake baba, alimpeleka kaka yangu Damiano kwenye kaburi la Baba. Nikawafuata.

Utotoni Bibi alifua nguo katika kambi ya Wapolandi waliokimbilia Kondoa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwanamke mmoja wa huko alimsimulia ukoo wa mfalme wao. Walianza kama mabwana wenye mashamba na farasi. Mzee wao mmoja alikatwa kichwa vitani, kichwa kikapelekwa kwa sultani wa Waturuki. Mjukuu wake wa kike akawa anampeleka mwanawe kwenye kaburi la mzee huyo, akimfundisha kisasi. Mtoto akakua, akawachinja maadui, na mabwana wenzake wakamchagua kuwa mfalme.

“Mama yule hakukaa akilia,” Bibi alimwambia Damiano. “Alilea.”

Damiano, mwenye miaka kumi na saba, aliuliza kama mfalme huyo hakuwahi kuogopa.

“Anayeogopa, mjukuu wangu, tunampa ungo apepete mtama na dada yake.”

Nikauliza, “Na wao wakija kulipiza kwetu, Bibi?” Akanizaba kofi.

Wiki hiyohiyo Damiano aliingia kwa jirani wakiwa wanakunywa uji. Akamkata jirani mkono wa kulia, ukaanguka. Wana wa jirani wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka fuvu likapasuka, akafa. Bibi hakusimulia tena hadithi yoyote.

Leo shamba lile limepimwa viwanja, na alizeti hakuna. Nikienda nyumbani kutoka Dodoma namwamkia mzee wa mkono mmoja shikamoo, naye huitikia marahaba akitazama chini. Sijui kama huo ndio msamaha au ni uchovu tu.

Nilipokuwa chuo kikuu niliutafuta ukoo ule vitabuni. Mfalme alikuwa na kaka, aliyelelewa kwa kaburi lilelile. Kaka huyo alitekwa vitani, akachinjwa pamoja na mateka wenzake. Yule mdogo aliyekuja kuvaa taji hakwenda vita hiyo. Alikuwa kitandani, mgonjwa.