Mtetemo Chini ya Miguu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mvua ilitukuta na garimoshi kwenye mwinuko, Nachingwea ikiwa si mbali. Nilikuwa kijana kutoka Nandagala, kazi yangu kuchochea moto wa injini. Dereva alikuwa Mzee Mataka, mtu asiyechoshwa na maswali, nami nilikuwa nayo tele.

Reli zililowa. Magurudumu ya injini yakaanza kuzunguka pale pale, mabehewa hayasogei, injini nzima ikitetemeka. Nikadhani ataongeza mvuke. Akaufunga.

"Mbona unapunguza, mzee?"

"Nguvu ipo, ila magurudumu hayana pa kushika. Yakisimama, shuka umwage mchanga relini. Mchanga ukiyakamata yakizunguka kasi hivi, ekseli inaweza kukatika."

Ekseli ni ule mtaimbo mnene unaounganisha magurudumu mawili. Nikamwaga mchanga, tukaondoka taratibu, mwinuko ukaisha. Lakini miguuni nikasikia mtetemo mwingine, mdogo, unakuja na kupotea kila gurudumu linapozunguka.

"Mzee, huu si ule wa kuteleza. Ni wa nini?"

Akasikiliza kwa nyayo. Akafunga breki.

Abiria wakalalamika. Bi Somoe, aliyekuwa akimpeleka mumewe hospitali huko Mnero, alinijia juu: "Mume wangu anakufa, nyie mnasikiliza vyuma!"

Moyoni nikajiuliza. Je, kama nimesikia vibaya?

Tukaingia chini ya injini, tukafuta grisi. Karibu na gurudumu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeizunguka ekseli karibu nusu.

Wanaume wakapokezana kumbeba mgonjwa kwa machela ya turubai hadi Nachingwea, huko likapatikana gari la kumfikisha Mnero. Alipona, namshukuru Mungu. Baadaye Bi Somoe alikuja karakana ya reli, nikadhani kaja kunigombeza tena.

"Nionyesheni huo ufa," akasema.

Akaupitishia ukucha polepole, kisha akaniuliza maswali mengi mpaka Mzee Mataka akacheka.

Basi mwanangu, wewe unayeanza kusafirisha abiria, kazi ikikukwamia, usikimbilie kuongeza nguvu. Tafuta kwanza kinachoizuia. Na ukihisi jambo usilolielewa, uliza, hata kama wenzako wana haraka na wewe ndiye mgeni wa kazi. Afadhali wakuone mjinga kwa kitambo.

Mungu akupe hamu ya kujua isiyozeeka, na watu wa kukujibu bila kukukaripia. Akufikishe salama unakokwenda, wewe na wote watakaosafiri mikononi mwako.